Kitabu cha Mtoto katika Kiswahili: Kutoka Kiungani hadi Bunia

Mjini Bunia husikika mara nyingi, hata vinywani mwa walimu, kauli kwamba mtoto wa Ituri hana kitabu cha kusoma kwa Kiswahili kwa kuwa Kiswahili chake si lugha ya kuandikwa. Kingwana, husemwa, ni lugha ya soko na ya barabara. Ngeli zake zimepungua, sarufi yake imelegea, na mtu hawezi kumpa mtoto mdogo kitabu cha lugha ya namna hiyo bila kumharibu. Kauli hii imekaa muda mrefu mno hata imepata sura ya ukweli, na wanafunzi wa isimu huirudia katika kazi zao pasipo kuichunguza.

Historia ya uchapishaji yaelekea kwingine. Popote pale ambapo kitabu cha mtoto kilitokea katika Kiswahili, kilitokea kwa sababu palikuwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo hakuwa mtoto, wala mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa shule, pamoja na wale walioilipia shule. Mnunuzi alipoondoka, kitabu kiliondoka naye, hata katika nchi ambayo usafi wa Kiswahili chake haujatiliwa shaka na mtu yeyote. Ili jambo hili lionekane yafaa kuanza mbali na Bunia, kisiwani Unguja, katika miaka ya 1860.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi UMCA alifika Unguja pamoja na Edward Steere. Mwaka huohuo Sayyid Majid, sultani wa Unguja, aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule ambayo baadaye ilitulia Kiungani, nje kidogo ya mji. Watoto wale hawakuwa Waswahili kwa kuzaliwa. Walitoka bara, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kilikuwa lugha waliyokutana nayo utumwani. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na wavulana walifundishwa kupanga herufi. Kwa hiyo, miongoni mwa mikono ya kwanza iliyochapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini Unguja ilikuwamo mikono ya watoto ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Anayeamini kwamba kitabu lazima kimsubiri msemaji safi angefaa kulikumbuka hilo.

Miongoni mwa mambo aliyoyatoa Steere kwa ajili ya wasomaji hao yalikuwamo masimulizi machache yaliyotokana na kitabu cha Charles Lamb na dada yake, wale waliozisimulia upya tamthilia za Shakespeare kwa watoto wa Uingereza. Yalitoka mwaka 1867 kwa jina la Hadithi za Kiingereza. Jina hilo lasema kweli tupu: mtoto aliyetoka Nyasa kupitia jahazini alipewa hadithi za Kiingereza kwa Kiswahili cha Unguja. Wakati huohuo Steere alikuwa akisikiliza hadithi za wenyeji na kuzinukuu, naye alizitoa London mwaka 1870 katika kitabu Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndimo zilimo hadithi ya Sultani Darai na kisa cha punda wa dobi, ambazo vizazi vingi vya shule za Afrika Mashariki vimezijua. Lakini mpangilio wa kitabu chenyewe waonyesha kilikusudiwa nani: mgeni anayejifunza lugha. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka 1901 George Bateman alizitoa hadithi za Unguja kwa Kiingereza mjini Chicago, zikiwa zimepambwa kwa picha. Mtoto wa Chicago alipata kitabu kizuri cha hadithi za Unguja, kilichotengenezwa ili kimpendeze, wakati ambapo mtoto wa Kiungani alikuwa akisoma masimulizi ya Shakespeare. Wote wawili walipata kile ambacho mnunuzi wao aliona kinafaa.

Mnunuzi mkubwa zaidi alijitokeza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo ilikuwa serikali. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulijadili haja ya lugha moja ya maandishi katika shule za makoloni ya Waingereza; mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi; na tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Katika maandishi ya isimu Kamati hii hukumbukwa hasa kwa kamusi ya mwaka 1939 na kwa ugomvi wa Kiunguja na Kimvita, ambao wataalamu wa Mombasa hawakuusahau hata baada ya uhuru. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kawaida zaidi: kusoma miswada ya vitabu vya shule, kusahihisha tahajia na sarufi, na kutoa ithibati. Kitabu kisichokuwa na ithibati hiyo kilikuwa na tumaini dogo la kuingia darasani, na kitabu kisichoingia darasani hakikuwa na soko. Kwa njia hii usanifishaji na biashara ya vitabu vilifungwa pamoja kwa kamba moja.

Matokeo yake yalionekana upesi. Johnson mwenyewe alitafsiri Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zote mwaka 1929, na baada ya hapo zilifuata tafsiri nyingine za aina hiyo, miongoni mwazo Safari za Gulliver. Ni rahisi leo kuzicheka orodha hizo, na wahakiki wengi wamezicheka. Hata hivyo yapasa kukiri kwamba Kiswahili cha baadhi ya tafsiri hizo ni chepesi na chenye mwendo mzuri kuliko cha vitabu vingi vya shule vilivyofuata, na kwamba wasomaji waliozeeka bado huzitaja kwa upendo. Tafsiri ya kisa cha Alice iliyofanywa na E. V. St. Lo Conan-Davies ilitoka London mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na ndani yake Elisi amechorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Mchoraji alitambua, kabla ya wengi wa wakati wake, kwamba mtoto hutafuta uso wake katika picha kabla hajatafuta maneno yake katika sentensi.

Waandishi wenyeji walipita mlango huohuo. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka London mwaka 1934. Shaaban Robert, ambaye Adili na Nduguze yake ilitolewa na Macmillan mwaka 1952, aliyajua vizuri masharti ya wachapishaji wa vitabu vya shule. Mwaka 1948 ilianzishwa Nairobi taasisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, ili itafute waandishi, iwalipie gharama za uchapaji na kufikisha vitabu kwa wasomaji, hata kwa maktaba za masanduku na za posta. Ilidumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Hapa yafaa kusisitiza jambo moja tu: katika nchi nne za Kamati, na katika nchi zilizohudumiwa na Bureau, jina la Kongo ya Wabelgiji halimo. Mpaka uliopita kati ya Mahagi na Arua haukuwa mpaka wa lugha, kwa kuwa Kiswahili kilisikika pande zote mbili. Ulikuwa mpaka wa mnunuzi.

Kiswahili cha Ituri hakikuja kwa kitabu. Kilikuja na misafara ya karne ya 19, kikakaa na askari na wapagazi, na kikapata nguvu mpya baada ya dhahabu kugunduliwa Kilo mwaka 1903. Machimbo ya Kilo na ya Moto yaliwakusanya watu wa lugha mbalimbali, Walendu, Wahema, Waaluru, Wabira, Walugbara na wengineo, pamoja na wafanyakazi waliotoka mbali zaidi. Mtoto aliyezaliwa kambini alikua katika Kiswahili ambacho wazazi wake wenyewe walikuwa wamejifunza wakiwa watu wazima. Hali yake haikuwa mbali na ile ya wavulana wa Kiungani.

Tofauti ilikuwa katika shule. Katika Kongo ya Wabelgiji elimu iliachiwa misheni, na kanuni za ruzuku zilizowekwa katika miaka ya 1920 zilizinufaisha misheni zilizoitwa za kitaifa, kwa hakika zile za Kikatoliki. Misheni za Kiprotestanti, ambazo nyingi zilitoka Marekani na Uingereza, zilisubiri hadi mwaka 1948. Huku Ituri, Africa Inland Mission, iliyoingia kupitia Mahagi mwaka 1912 na kueneza vituo vyake Rethy na kwingineko, ilijenga shule kwa fedha zake yenyewe, nayo ilinunua na kuchapa kile ilichokihitaji: vitabu vidogo vya silabi, nyimbo, katekisimu na sehemu za Maandiko. Mtoto alifundishwa kusoma ili aisome Injili. Alipoimudu, kazi ya kitabu cha mtoto ilikuwa imekwisha. Kwa upande wa Wakatoliki hali haikuwa tofauti sana. Wapadri Weupe, ambao shirika lao lilizoea Kiswahili cha upande wa Ziwa Tanganyika, walielekea kwa jumla maandishi yaliyo karibu zaidi na ya pwani, ilhali Waprotestanti waliandika karibu zaidi na masikio yao. Hivyo watoto wa mji mmoja, wenye kucheza pamoja jioni, waliweza kujifunza asubuhi tahajia mbili, mmoja *mtu* na mwenzake *mutu*, kulingana na dini ya wazazi wao.

Hapa ndipo kauli ya kwamba Kingwana hakiandikiki inapoanguka. Kiliandikwa. John Whitehead, wa misheni ya Wabaptisti, na L. F. Whitehead walitoa mwaka 1928, huko Wayika kwenye mto Lualaba, kitabu kikubwa cha sarufi na msamiati wa Kingwana. Mjini Léopoldville kiwanda cha Waprotestanti cha LECO, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilichapa vitabu katika lugha nyingi za nchi, Kiswahili kikiwamo. Mnamo mwaka 1960 Biblia nzima ilipatikana katika Kiswahili cha Kongo. Lugha inayoweza kubeba vitabu vya Manabii na barua za Paulo haiwezi kushindwa na hadithi ya sungura na fisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuinunua hadithi ya sungura na fisi. Kanisa lilinunua Maandiko na nyimbo, na waumini walizinunua kutoka kwa kanisa kwa senti zao. Shule ilinunua silabi na hesabu. Mashariki ya mpaka Kamati na baadaye Bureau ziliweka baina ya silabi na Biblia ngazi nzima ya vitabu vya kusomwa kwa kupumbazika. Upande wa Ituri ngazi hiyo haikujengwa, na msomaji alirukishwa kutoka *ba be bi* hadi kitabu cha Mwanzo.

Huenda ngazi hiyo ingejengwa baadaye, kama muda ungetosha. Haukutosha. Mwaka 1954 Waziri Auguste Buisseret alianzisha shule za serikali zisizo za kidini kwa Waafrika, nazo zilikuja na Kifaransa. Wazazi wa mijini walikipokea kwa furaha, na kwa sababu ya haki: kwa miaka mingi walikuwa wameona kwamba lugha ya nyumbani ilifundishwa kwa wale waliokusudiwa kubaki nyumbani. Baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kilifanywa kuwa lugha pekee ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Uamuzi huo mara nyingi hujadiliwa kwa upande wa siasa ya umoja wa taifa au wa mafanikio ya mwanafunzi. Athari yake kwa uchapishaji haijadiliwi. Kwa siku moja mnunuzi pekee wa kitabu cha Kiswahili kisichokuwa cha kanisa alitoweka katika nusu yote ya mashariki ya nchi. Mchapishaji ambaye angekuwa na muswada mezani mwaka huo hakuwa na sababu tena ya kuupeleka mtamboni.

Miaka kumi na miwili baadaye upepo uligeuka. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilikuwa na kituo cha isimu, CELTA, tangu mwaka 1971, na mwezi wa Mei 1974, katika siku za siasa ya *authenticité*, wanaisimu wa Zaire walikutana mjini humo katika semina yao ya kwanza ya kitaifa, wakaomba lugha za taifa zirudishwe shuleni. Zilirudi katika madarasa ya chini, angalau katika maandishi ya programu. Lakini Lubumbashi ilikuwa mbali na Bunia, na hali ya Kiswahili cha Shaba si hali ya Kiswahili cha Ituri. Aidha mwisho wa mwaka huohuo wa 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, kisha ikazirudishia makanisa usimamizi wake mwaka 1977, wakati hazina ya Zaire ilikuwa imekwisha kudhoofika. Lugha ilirudishwa darasani bila mnunuzi. Mwalimu wa darasa la kwanza alisemesha watoto kwa Kiswahili, akaandika ubaoni, akafuta. Kizazi kizima cha Ituri kimejua Kiswahili cha shule kama lugha ya chaki.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Kongo ni nchi ya pekee, yenye lugha nyingi na serikali dhaifu. Basi itazamwe Tanzania, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia ya shule yote ya msingi tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na ambako watu wazima kwa mamilioni walifundishwa kusoma katika miaka ya 1970. Hakuna nchi iliyokuwa na wasomaji wa Kiswahili wengi kuliko hiyo. Tanzania Publishing House ilikuwapo tangu mwaka 1966, vyombo vya serikali vilitunga na kusambaza vitabu vya kiada, na misheni za Ndanda na Peramiho zilikuwa na mitambo yao. Hata hivyo uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, karatasi ilikosekana, fedha za kigeni zilikosekana, na kitabu cha hadithi za watoto kilikuwa cha kwanza kuachwa. Wasomaji hawakupungua, lugha haikuharibika, mnunuzi alifilisika. Dawa iliyopatikana mwaka 1991 yalingana na ugonjwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, haukuchapa vitabu wenyewe. Ulipokea miswada kutoka kwa wachapishaji wa nchi, ukaichambua, na kwa ule uliokubaliwa uliahidi kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Nakala zilizobaki mchapishaji aliuza mwenyewe. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House kwa muda mrefu, alianzisha Mkuki na Nyota, na wachapishaji wengine wadogo walifuata. Katika miaka michache tu hadithi za watoto, zenye picha za rangi na majina ya waandishi wa Kitanzania, zilianza kuonekana tena.

Wakati mlango huo ulipofunguka Dar es Salaam, Bunia ilielekea kwenye moto. Vita vya Ituri, kati ya mwaka 1999 na 2003, viliua maelfu ya watu, vikahamisha wengine wengi zaidi, vikafunga shule na kutawanya walimu na vitabu vichache vilivyokuwapo. Baada ya hapo sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilizitambua upya lugha za taifa na za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia, na mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma vya madarasa ya kwanza kwa Kiswahili, Kilingala na Ciluba katika baadhi ya mikoa. Mnunuzi alirudi, ingawa alitoka mbali na alikuja kwa mkataba wenye mwaka wa mwisho. Hadithi zisizolipiwa za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, zimeongeza njia nyingine: mwalimu mwenye simu aweza kuzisoma na kuzitafsiri bila kumwomba mtu ruhusa. Na tangu mwaka 2022, Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hoja ya kuleta Bunia vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi imepata nguvu.

Hoja hiyo haipaswi kukataliwa kwa fahari ya mahali. Vitabu vipo, ni vizuri, na lugha yake mtoto wa Ituri ataihitaji. Lakini isipokewe bila kupimwa darasani. Mtoto wa Bunia hasemi kwamba anakwenda shuleni. Anasema *naenda ku masomo*. Hasemi mtoto mdogo bali *katoto*, na kiambishi hicho *ka-*, ambacho sarufi sanifu imekiacha nje, kwake ndicho kipimo cha upendo na cha dharau pia. Upatanisho wa ngeli anaousikia nyumbani ni mfupi kuliko ule wa kitabu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomzuia kuelewa hadithi iliyosomwa kwa sauti. Vyote kwa pamoja vyamchosha anapojaribu kusoma peke yake, kwa kuwa kila mstari wamdai afanye kazi mbili, kutambua herufi na kutambua lugha. Kitabu cha darasa la kwanza kilichoandikwa kwa Kiswahili anachokisema, kikifuatwa katika darasa la pili na la tatu na vitabu vinavyosogea hatua kwa hatua kuelekea Kiswahili sanifu, kingempunguzia kazi hiyo. Makanisa ya Ituri yaliandika kwa lugha hiyo na kuiuza kwa waumini wao kwa miongo mingi, hivyo si tahajia wala mitambo inayokosekana. Kinachongojwa ni ahadi ya nakala elfu chache, itolewe na mkoa, na dayosisi, au na jumuiya za Kiprotestanti zenye shule. Kwa sasa katika madarasa mengi ngazi hiyo baina ya *ku masomo* na *shuleni* hushikwa na mwalimu peke yake, kwa mdomo, mbele ya ubao.